Mtakatifu Mweusi wa Coburg

Mwaka 1984, nikisomea ufundi katika Ujerumani Magharibi, nilipanga chumba Coburg, mji mdogo wa Bavaria karibu na mpaka wa Ujerumani Mashariki. Nembo ya mji ilinishtua: ngao ya rangi ya dhahabu, katikati kichwa cha mtu mweusi, midomo myekundu, hereni sikioni. Nilikasirika, nikadhani nimeona dhihaka nyingine ya Wazungu.

Mwenye nyumba, mzee seremala mstaafu, aliliona hilo usoni mwangu. "Twende kanisani," akasema. Tukaenda Morizkirche, kanisa kongwe la mji, akanieleza habari za Mtakatifu Maurisi, msimamizi wa Coburg. Kwa mapokeo ya Kikristo, Maurisi alikuwa kamanda wa kikosi kutoka Thebe, Misri, katika jeshi la Roma. Mwishoni mwa karne ya 3 alikataa amri ya Kaisari Maximian ya kuwatesa Wakristo, akauawa pamoja na askari wake mahali ambapo leo ni Uswisi. Kichwa kile ni chake. Tena Coburg ni mji wa mapokeo ya Kilutheri, ambayo hayaombi watakatifu. Martin Luther mwenyewe alihubiri katika kanisa hilo mwaka 1530, na bado wenyeji hawakumwacha mtakatifu wao.

Kisha mzee akashusha sauti. Coburg ulikuwa mji wa kwanza Ujerumani ambao Wanazi walipata wingi wa viti katika baraza lake, mwaka 1929. Mwaka 1934, yeye akiwa mtoto wa shule, walimwondoa Maurisi kwenye nembo, wakaweka upanga wenye swastika kwenye mpini. Mtu mweusi kuulinda mji wa Kijerumani hawakuweza kulivumilia. Vita vilipokwisha mwaka 1945, wenyeji wakamrudisha. Mzee alilisimulia hilo kwa fahari, nami niliielewa fahari yake.

Mwaka 2020 zilizuka tena hoja za kuifuta nembo hiyo. Kuifuta ni kumalizia kazi ya Wanazi. Lakini ile midomo na hereni ni kejeli, si sura ya shahidi. Katika kanisa kuu la mji wa Magdeburg, Ujerumani, ipo sanamu ya Maurisi ya karne ya 13: Mwafrika kamili, amevaa deraya, uso umejaa heshima. Coburg wachore upya nembo yao kwa kuifuata sanamu ile.