Swali la Kidato cha Pili

Ukitoka ufukweni Bagamoyo, kwenye msalaba unaokumbusha kufika kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, njia ya miembe inakufikisha misheni. Hapo upo mnara wa kanisa la kwanza, ambako mwili wa David Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Wageni husimama kupiga picha. Mimi nilikuwa na miadi na darasa la Kidato cha Pili, katika shule ya bweni ya wasichana inayoendeshwa na Kanisa, mwendo mfupi kutoka hapo.

Kipindi cha dini kilifuata hesabu, saa ambayo joto la pwani linalegeza hata walimu. Sista aliingia na Biblia iliyojaladiwa kwa karatasi ya kalenda ya zamani, kona zake zimelika. "Tumsifu Yesu Kristo!" Wengi wakaitikia, "Milele na milele, amina." Wasichana watatu wa Kiislamu, dawati la dirishani, walingoja, kisha wakasema, "Shikamoo, Sista." "Marahaba, wanangu." Hakuna aliyegeuka kuwatazama, nikajua ndivyo wanavyoamkiana kila siku.

Akaandika ubaoni: AMOSI. Akawaeleza habari za mchungaji wa Tekoa aliyewakemea matajiri wa Israeli kwa kuwauza maskini kwa bei ya viatu, huku sikukuu za ibada zikiendelea kwa nyimbo na sadaka. Akauliza nani anajua soko la watu lililokuwa karibu na kwao. Mikono yote ikainuka. Mtoto wa Bagamoyo hahitaji kuhadithiwa misafara ya watumwa na pembe.

Ndipo mmoja wa wale wa dirishani akasimama. "Samahani, Sista. Mapadre wa hapa nao walinunua watoto sokoni Zanzibar. Amosi angewaambia nini?"

Darasa likanyamaza. Nilitegemea Sista amkatishe au akimbilie kuwatetea mapadre. Hakufanya hivyo. Alivuta kiti, akaketi. Alikiri kwamba kweli walinunua, kwa nia ya kuwakomboa, na kwamba baada ya soko la Zanzibar kufungwa mwaka 1873 walipokea pia watu waliookolewa majahazini na manowari za Waingereza. Akaongeza jambo ambalo wengi hulipita: waliokombolewa waliishi kwa kengele, sala na jembe chini ya amri kali, na wapo waliotoroka. "Huyo aliyetoroka," akauliza, "alikuwa anakimbia nini?"

Kipindi cha namna hii ndicho Kanisa linachotaka shuleni. Mwaka 1988 Vatikano ilitoa waraka juu ya elimu ya dini katika shule ya Kikatoliki, ikatenganisha mambo mawili. Katekesi ni ya aliyekwisha kuipokea imani. Kipindi cha dini hutoa maarifa ya Ukristo na maisha ya Kikristo, na asiyeamini pia anaweza kukaa akasikiliza. Mwongozo wa katekesi wa 1997 ukadai somo hilo lifundishwe kwa uzito uleule wa masomo mengine. Inaniuma kuona shule ambako kipindi hiki hutolewa kwa mwalimu wa fizikia amalizie mada zake, au hugeuzwa zoezi la kukariri sala. Mtoto wa Kikatoliki hapati hoja za kuitetea imani yake, na wa Kiislamu anajifunza kukaa kimya tu. Bagamoyo nilimwona mtoto akiuliza swali zito kuliko yote yanayoweza kuulizwa pale, tena shuleni mwa Kanisa lenyewe, na Kanisa likamjibu.

Kengele ikalia wakiwa bado wanabishana. Msichana mwenye rozari shingoni alishikilia kwamba kumnunua mtu ili umpe uhuru si biashara. Jirani yake akamkatiza: uhuru gani huo wa kupangiwa saa ya kulala? Sista akapaza sauti juu ya kelele za madawati: insha kurasa mbili, Jumatatu, na kwanza wakayatembelee makumbusho ya misheni.

"Na atakayeandika upande mmoja tu," akasema akifuta ubao, "nampunguzia alama."