Mtaa wenye jina la mama fundi cherehani

Norfolk, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, ni mji wa bandari. Manowari hutia nanga hapa. Lakini ukiyaacha maji na kuingia kwenye makazi ya watu, utakuta barabara yenye kibao kilichoandikwa Evelyn T. Butts Avenue. Mzazi anayepita na mtoto huenda akaulizwa: huyu alikuwa nani?

Alikuwa fundi cherehani, mama wa mabinti watatu. Mumewe, askari wa zamani, alikuwa mlemavu, hivyo kila senti ilikuwa na kazi yake nyumbani.

Katiba ya Virginia ya mwaka 1902 ilimtaka mpiga kura awe amelipa kodi ya kichwa, dola 1.50 kwa mwaka, kwa miaka mitatu, tena miezi sita kabla ya uchaguzi. Hiyo ni dola 4.50; kwa mume na mke, dola 9. Aliyesubiri kampeni zipambe moto alikuwa ameshachelewa.

Afrika Mashariki inakumbuka kodi ya kichwa ya mkoloni, iliyowafuata watu hadi vijijini. Ya Virginia ilikuwa na ujanja mwingine: haikudaiwa kwa haraka. Asiyelipa aliachwa tu, na siku ya kura hakuwa na sauti. Kwa kuwa tangu 1870 Katiba ya Marekani ilikataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi, pesa ndiyo ikafanya kazi hiyo. Waliolengwa ni watu weusi. Wazungu maskini nao wakaumia.

Mwaka 1964 kodi hiyo ilipigwa marufuku katika uchaguzi wa rais na wa bunge la taifa. Virginia ikaendelea kuidai katika uchaguzi wa jimbo. Bi. Butts alikuwa ameshakwenda mahakamani mwaka 1963. Kesi yake ilisikilizwa pamoja na ya Annie Harper, mwanamke aliyewahi kufanya kazi za nyumbani. Tarehe 24 Machi 1966, Mahakama ya Juu iliamua, majaji sita kwa watatu, kwamba haki ya kupiga kura haipimwi kwa mali ya mtu wala kwa ada aliyolipa.

Bi. Butts hakuishia hapo. Aliendelea kuwahimiza majirani zake wajiandikishe.

Basi mtoto akiuliza, jibu ni fupi: ni mama aliyekataa haki yake iuzwe kwa dola moja na nusu.