Stika ya Kijani

Wanaonijua kwa kuandika juu ya vitabu huniuliza mchana nafanya kazi gani. Nikiwajibu kwamba mimi ni fundi wa vifaa tiba katika hospitali ya wilaya, huku Nyanda za Juu Kusini, wengi husema "ahaa", kisha tunarudi kwenye riwaya. Sijawahi kuwalaumu. Mashine ya presha haina mhusika wala haina kisa. Unafungwa mkanda, unabanwa, unaachiwa, namba zinatokea, unaambiwa "uko sawa mama, nenda". Lakini kuna kisa kimoja nimekaa nacho miaka sita sasa, na kila nikitaka kuandika kitu kingine kinanikatiza. Basi leo nakiandika, nikitue.

Karakana yetu ni chumba kimoja nyuma ya jengo la kufulia. Mashine za presha za otomatiki zilianza kuingia kwa wingi pale zile za zebaki zilipoanza kuondolewa. Mwaka 2013 mataifa yalikubaliana Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki, na vipimo vya presha vya zebaki vikawa miongoni mwa vitu vya kuachwa. Sababu ni ya kweli: zebaki ni sumu, na kile kioo kikipasuka wodini inatawanyika sakafuni vipunje vipunje, na kuikusanya ni kazi. Mashine mpya hazina sumu hiyo. Tena hazihitaji mtu mwenye masikio mazuri. Mwanafunzi wa siku ya kwanza anaweza kubonyeza kitufe akapata jibu.

Magonjwa yake nayajua. Mpira hupasuka pale unapoingia kwenye mashine, kwa sababu watu huvuta mpira badala ya kushika kichwa chake. Mfuko wa hewa ndani ya mkanda huvuja. Vali huziba kwa vumbi. Betri huvujia ndani na kuacha kutu kwenye vyuma. Nyingi kati ya mashine ninazoletewa kama maiti hufufuka kwa betri mpya na kipande cha msasa.

Kila baada ya miezi sita nilizikusanya zote nizikague. Ukaguzi wenyewe uko hivi: mkanda naufunga kwenye kopo dogo la maziwa ya unga nililolijaza mchanga lisibonyee. Kwenye mpira naweka kiungo cha njia tatu: njia moja inakwenda kwenye mashine, ya pili kwenye kipimo changu cha rejea, ya tatu kwenye mpira wa kupulizia kwa mkono. Kila aina ya mashine ina namna yake ya kubonyeza vitufe ili ifunge vali na kuonyesha mgandamizo tu. Napandisha hadi 50, 100, 150, 200, nikilinganisha. Tofauti ikizidi milimita 3 za zebaki, juu au chini, mashine haipiti. Kisha napandisha tena, naacha dakika kadhaa, naangalia kama inavuja. Ikifaulu yote naibandika stika ya kijani yenye tarehe, sahihi yangu na neno moja: IMEKAGULIWA.

Nilikuwa najivunia zile stika. Nikipita wodini nikaiona ya kijani, moyo unatulia.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ile ya huku kwetu ya kutoa moshi mdomoni, nikaitwa wodi ya wazazi. Aliyeniita ni mkunga mmoja mtu mzima, wale waliosomea ukunga kabla mimi sijaanza darasa la kwanza. Nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi. Mashine yako inadanganya."

Kitandani alikuwapo mama kijana, mimba ya kwanza, miezi minane na kitu, uso umevimba. Tangu usiku alilalamika kichwa na kuona nyotanyota. Mashine ilikuwa imempima mara mbili: 138 kwa 86. Chini ya 140 kwa 90, kwa hiyo kwenye chati hapakuwa na alama nyekundu. Mkunga alipoingia zamu alimtazama usoni, hakuipenda ile sura, akaenda kabatini akatoa kipimo cha zebaki kilichokuwa kinasubiri kuchukuliwa, akamfunga, akasikiliza kwa stetoskopu. 160 kwa 104. Akarudia, ikawa ile ile.

Sasa, sisi mafundi tuna mazoea yetu. Kabla hujakubali kosa la mashine, unatafuta kosa la mtumiaji, na ukweli ni kwamba mara nyingi unalipata. Nikaanza kuuliza. Mlimpima juu ya sweta? Maana huku watu wanavaa masweta mawili, na manesi wanaona huruma kuwavua. Au mlikunja mkono wa sweta juu ukambana? Alikuwa anaongea? Alikuwa ametoka kutembea sasa hivi, hajapumzika hata dakika tano? Mkono ulikuwa usawa wa moyo? Ukiushusha sentimita 10 tu, usomaji unapanda kama milimita 7 au 8. Ukiuinua, unashuka hivyo hivyo. Mkanda ulimtosha? Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unakuzushia presha isiyokuwepo. Kosa hili ni la zamani kama kipimo chenyewe: Scipione Riva-Rocci alipotengeneza kipimo chake Italia mwaka 1896, mkanda wake ulikuwa mwembamba mno, na miaka michache baadaye Heinrich von Recklinghausen akaonyesha kwamba lazima upanuliwe.

Mkunga alinijibu swali moja baada ya jingine, hana haraka. Mkono ulikuwa wazi. Alikuwa kimya. Alikuwa amepumzika. Mkono ulikuwa juu ya mto, usawa wa moyo. Mkanda ulikuwa saizi yake. Aliyempima ni mwanafunzi aliyemfundisha yeye mwenyewe.

Nikaichukua mashine mbiombio hadi karakana. Nikaifunga kwenye kopo langu. Kwenye 50 ilisoma 50. Kwenye 100, 101. Kwenye 150, 151. Kwenye 200, 201. Haivuji. Nikarudi wodini nikiwa na karatasi mkononi, nakiri, nimefurahi kidogo.

"Mama, mashine ni nzima."

Alikuwa anaandaa dawa, magnesiamu salfeti, ile ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba. Daktari alikuwa ameshafika. Hakunigeukia.

"Mashine yako nzima," akasema, "na huyu mwanangu mgonjwa. Sasa nieleze."

Sikuwa na maelezo. Yule mama alipasuliwa mchana ule ule, mtoto akatoka analia, mama naye akapona. Mimi nilirudi karakana nikafanya jambo nililotakiwa kulifanya miaka mingi nyuma: nikajifunza mashine ninayoitengeneza inapimaje.

Mkunga anaposikiliza, anafuata njia ya Nikolai Korotkoff, daktari wa upasuaji wa jeshi la Urusi aliyeieleza mwaka 1905. Unabana mkono hadi damu isipite, unaachia pole pole. Damu inapoanza kupenya inagonga, unasikia "tu, tu, tu". Hapo ni namba ya juu. Sauti zikipotea, hapo ni namba ya chini. Zote mbili umezisikia.

Mashine nyingi za otomatiki hazisikilizi kitu. Zinategemea jambo ambalo Étienne-Jules Marey wa Ufaransa alilichunguza tangu 1876: kila mapigo ya moyo yanautikisa mgandamizo uliomo ndani ya mkanda. Mkanda unapoachiwa, mitikisiko inakua, inafika kileleni, inafifia. Pale kileleni panakaribiana na presha ya wastani, na hicho ndicho mashine inachokiona vizuri. Namba ya juu na namba ya chini, zile unazoandikiwa kwenye kadi, zinakokotolewa kutoka kwenye umbo la mitikisiko kwa kanuni ya mtengenezaji, na kanuni hiyo kwa kawaida ni siri yake. Imetungwa kwa kuwapima watu wengi na kulinganisha. Kwa mtu anayefanana nao inafanya kazi vizuri sana. Mwenye moyo unaodunda bila mpangilio inaweza kumpotosha. Na mjamzito mwenye dalili za kifafa cha mimba, ambaye mishipa yake haijibu kama ya wengine, mashine nyingi humsoma chini ya hali halisi. Zipo zilizojaribiwa kwa wajawazito zikafaulu, ila ni chache, na ile ya kwetu haikuwa mojawapo.

Kwa hiyo kopo langu la mchanga lilikuwa linapima kitu cha kweli, lakini kopo halina mishipa. Nilithibitisha kwamba mashine inajua mgandamizo wa hewa. Kama inajua kukadiria presha ya mama yule, sikuwahi kupima. Na neno langu halikusema hivyo. Lilisema IMEKAGULIWA, na mwanafunzi wa zamu ya usiku akisoma neno hilo anaelewa: amini.

Wiki ile nikaomba daftari la wodi. Sijui nilikuwa natafuta nini, au nilijua. Wiki tano nyuma palikuwa na mama mwingine. Usiku alipimwa mara mbili, 136 kwa 84, kisha 134 kwa 86. Karibu na alfajiri alipata degedege. Yeye alipona. Mtoto hakupona. Mashine zetu zina namba za rangi nilizozipaka mwenyewe, na namba ya mashine ilikuwa imeandikwa pembeni. Ilikuwa ile ile. Tarehe ya stika yangu ilikuwa wiki mbili kabla ya usiku huo.

Nimeligeuza jambo hili kila upande. Kifafa cha mimba kinaweza kumpata mama hata presha yake ikiwa haijapanda sana. Madaktari wamenieleza hivyo, na sio kunibembeleza tu, ni kweli. Huenda mashine ilisoma sawasawa usiku ule. Huenda haikusoma. Hakuna aliyesikiliza, kwa hiyo hakuna wa kusema. Nilimpelekea mkunga lile daftari nikamwonyesha. Akalisoma, akalifunga.

"Nilikuwa likizo," akasema. Baadaye kidogo akaongeza, "Keti hapo."

Akanifunga ule mkanda wa zebaki mkononi mwangu, akaniwekea stetoskopu masikioni, kichwa chake akakibandika kwa ndani ya kiwiko, akanipa ule mpira wa kupulizia. "Panda hadi 180. Sasa achia pole pole. Polepole, fundi, usikimbie." Zebaki ikaanza kushuka. Kimya. Kimya. Kisha ikaja, mbali kidogo, kama mtu anagonga mlango wa jirani. Miaka tisa nilikuwa natengeneza vipimo vya presha, na sikuwa nimewahi kuusikia mkono wa mtu.

Stika zangu siku hizi ni kubwa zaidi. Zinasema: "Mgandamizo umelinganishwa. Mkanda hauvuji. Mama mjamzito mwenye dalili, pima pia kwa kusikiliza." Zebaki zilishachukuliwa, kwa hiyo kila wodi ina kipimo cha mshale cha kusikilizia, na hicho nakikagua mara nyingi zaidi kwa sababu kikianguka kinapotoka bila kuonyesha. Ukutani nimebandika utepe wa kupimia mkono, ujue mkanda gani unamfaa nani. Mkanda mkubwa pekee tuliokuwa nao nilimwomba matroni autoe kabatini, ambako ulifungiwa usiibiwe. Alinizungusha miezi minne, lakini akautoa.

Yule mkunga alistaafu mwaka juzi. Kabla hajaondoka alipita karakana, akaikuta mashine ya namba ile iko mezani inasubiri betri. Akaniuliza kama bado inafanya kazi. Nikamwambia inafanya kazi vizuri, ila nimeihamishia wodi ya wanaume.

"Hao nao uwasikilize," akasema, akaenda zake kuwahi basi.