Kulipa mtu aoshe kibaraza? Ndiyo, na alipwe vizuri!

Hapa mjini ukimlipa mtu akuoshee gari, hakuna anayekushangaa. Ukimlipa akufulie nguo, sawa tu. Lakini thubutu uite mtu na mashine aje kukuoshea kibaraza! Mtaa mzima utakujadili. "Ameanza kujiona huyo. Fagio la chelewa limekosa nini?"

Mimi niliyasikia yote hayo kwetu Tabata, wala sikujali. Mashine yenyewe si ya jana: Mjerumani Alfred Kärcher alitengeneza yake ya maji ya moto mwaka 1950. Sasa ujinga wangu uko wapi? Ngoja niwape kisa chenyewe.

Nyumbani kwetu mbele kuna kibaraza cha saruji, halafu uani tumepanga vile vitofali vya pevingi. Mwembe wa jirani unatupa kivuli kutwa, jua halifiki. Basi masika yakiingia, kati ya Machi na Mei, panaota ukoga wa kijani mpaka unadhani pametandikwa zulia. Ukiutazama, unapendeza. Ukanyage na kandambili ndipo utajua hujui.

Mama aliukanyaga. Alikuwa anatoka na sinia la mchele akachague nje, akateleza, akaangukia mkono. Akafungwa hogo wiki 6. Mkono ulipona, lakini Mama hakurudi kibarazani. Na kibaraza ndicho kilikuwa redio yake, gazeti lake na saluni yake! Jioni mashoga zake wanapita, wanamwita, yeye anaitikia dirishani kama mwari. Iliniuma, si utani.

Chelewa tulipiga. Sabuni ya unga tulimwaga. Wiki mbili tu, ukoga huo umerudi. Saruji ina vitundu vidogo vidogo, fagio linapita juu, mbegu ya ukoga imejificha chini inakucheka.

Kaka yangu akaleta kijana kutoka sehemu wanakoosha magari. Jamani, yule kijana alikuja kivita! Akasogeza ncha ya bunduki mpaka karibu iguse sakafu, akafyatua. Saruji ikawa nyeupe, tukapiga makofi. Kumbe tunashangilia msiba. Nusu saa baadaye kibaraza kina michirizi kama pundamilia, mchanga wa katikati ya vitofali umerukia ukutani, na vitofali viwili vinacheza kama meno ya mtoto. Mama akamwambia, "Mwanangu, inatosha. Zima."

Hapo ndipo nilipoanza kuulizauliza. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa kama psi 30. Mashine ya presha ya nyumbani hutoa maji kwa psi 1,500 hadi 2,000, na za mafundi hufika 3,000 na zaidi. Kwa nguvu hiyo maji hayaoshi tena, yanachimba. Yanabandua ule uso laini wa saruji, na saruji ikishakwaruzika inakamata uchafu haraka kuliko mwanzo.

Ndipo akaja fundi wa pili, mtu mzima kidogo, kavaa gambuti na miwani ya kazi. Akamsalimia Mama, akavua kofia, halafu hakuwasha kitu! Alifagia kwanza. Akahamisha vyungu vya maua, akang'oa majani, akakwaruza saruji kwa ufunguo aone kama ni laini. Kisha akachanganya dawa ya klorini na maji mengi, akamwagia ukoga, akakaa akisubiri kama robo saa.

"Fundi, mbona huanzi?" nikamuuliza.

"Dada, nimeshaanza," akajibu. "Dawa ndiyo inaua. Maji yanakuja kubeba maiti tu."

Akanionyesha nozeli zake. Kwa mashine nyingi rangi ndiyo lugha: nyekundu hutoa maji kama sindano, nyuzi 0. Njano ni nyuzi 15, kijani 25, nyeupe 40, na nyeusi ni ya sabuni. Yeye alichukua nyeupe, akajaribu kwanza kwenye kona ya nyuma ambako haionekani, akasimamia kama sentimita 30 juu ya sakafu. Akawa anafuata mteremko kuelekea mtaroni, mkono hautulii mahali pamoja. Siku ya pili, vitofali vilipokauka, alirudi kufagilia mchanga mkavu kwenye nafasi zake. Alitaka shilingi 60,000, Mama akamshusha hadi 45,000. Michirizi ya yule wa kwanza haikutoka yote, lakini utelezi kwisha.

Jioni ile ile Mama alitoka. Aligusa sakafu kwa kidole cha mguu kwanza, kama anayepima maji ya kuoga. Halafu akaita sinia lake. Mashoga walikaa mpaka adhana ya isha, na kuna mmoja, yule yule wa "ameanza kujiona", aliondoka na namba ya fundi.

Basi vijana wenzangu, mkiita mtu wa mashine, msianze na bei. Muulizeni atatumia nozeli gani, atasimamia umbali gani, na mchanga wa pevingi nani ataurudisha. Akibabaika, mpeni nauli aende zake. Jazeni tangi kabla hajafika: mashine ikinywa lita 8 kwa dakika, tangi la lita 1,000 halimalizi saa mbili na nusu. Watoto na kandambili wakae mbali. Maji yale yakipenya ngozi, kidonda kitaonekana kidogo kama cha sindano, kumbe uchafu umeshaingia ndani. Hapo ni kukimbilia hospitali, hakuna cha kupaka mafuta. Na dawa ya klorini msiichanganye na asidi hata siku moja, inatoa gesi ya sumu.

Mwenye mama au bibi nyumbani asisubiri hogo. Vuli yaja Oktoba, na ukoga hauna haya.