Nati za Gurudumu na Amri ya Tano



Sisi wa Daraja Mbili tumeyazoea malori hata hatuyatazami tena, ingawa hupita karibu kabisa na watoto waendao shule. Tangu ajali ya Ngaramtoni ya Februari 24, 2024, iliyochukua uhai wa watu 25 baada ya lori, kama ilivyoelezwa, kukosa breki, twaombwa mara nyingi zaidi kubariki magari. Twabariki kwa furaha. Lakini maji ya baraka hayakazi nati.

Gurudumu la lori likichomoka huendelea kubiringika, na anayelipata huweza kuwa mpita njia asiyehusika na safari hiyo. Hivyo jambo hili lagusa amri ya tano. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, yahesabu kuwa ni kosa zito kuhatarisha wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mno mwendo wa kasi. Mwaka 2007 Vatikani ilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani wenye amri kumi za dereva. Ya kwanza ni ile ile, usiue.

Nati huonya kabla ya kuachia. Michirizi ya kutu kuanzia kwenye nati, chuma kilichosuguliwa kikang'aa, tundu la rimu lililopanuka: akiona hayo dereva asiondoke. Nati hukazwa kwa kupishana, moja kisha ile inayoielekea, ili rimu ikae sawasawa. Kurukia bomba lililochomekwa kwenye spana (tumeliona sana) si ukakamavu. Huivuta bolti hadi ichoke. Na gurudumu likishabadilishwa, nati hukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Aliyelifunga hapa kwetu akashika njia ya Babati, basi asimame Makuyuni, kama kilomita 80.

Twaujua ugumu wake. Tajiri anapiga simu, mzigo unangojewa, na utingo akisema nati imelegea huambiwa anachelewesha safari. Kwa maoni yetu kijana huyo ndiye wa kusikilizwa kwanza, hata kabla ya tajiri.

Kwa hiyo, ndugu madereva, mkileta tena magari kubarikiwa, njoni na utingo wenu na spana. Tutazunguka magurudumu kwanza, moja moja, kisha tutasali.