Kasuku akinyamaza

Kasuku ana tabia ya kuficha maradhi. Porini ndege anayeonesha unyonge ndiye wa kwanza kukamatwa, basi hata huyu wa kwenye tundu hujikaza mpaka nguvu zimwishie. Ndiyo maana nyumbani kwetu hatungoji aanguke.

Kila asubuhi tukibadilisha gazeti la tunduni, tunatazama kinyesi kwanza (samahani mlio mezani). Cha mzima kina sehemu tatu: kijani, cheupe na maji. Kikibadilika naye hajala kitu kipya, tunakuwa macho. Kisha tunampima kwa mizani ya keki. Manyoya hudanganya: hukonda mpaka mfupa wa kifua ukachongoka, na kwa macho bado ni mnene. Wetu, wa kijivu, ana gramu 430. Akipungua gramu 40, hilo si dogo.

Mwaka jana aliacha kuitikia hodi. Alikaa amejitutumua, mkia ukipanda na kushuka kila akivuta pumzi. Hapo hatukujadiliana dawa za kienyeji; tulifunika tundu, tukamweka penye joto, na siku ile ile tukampeleka kwa daktari wa mifugo. Alipona, Alhamdulillahi.

Udi tunafukiza chumba cha mbali, maana ndege hastahimili moshi. Parachichi hapewi hata kipande, ni sumu kwake. Na watoto hawambusu mdomo, wala hawamshiki bila kunawa baadaye: yapo maradhi ya kasuku yanayoingia hata kwenye mapafu ya mtu.