Kushuka Nyasa na Tela: Gari la Petroli au la Dizeli?

Watu wa Mbinga hawasemi wanakwenda ziwani. Husema wanashuka Nyasa. Na kweli ni kushuka. Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na maji ya Ziwa Nyasa yako kwenye mita 475 hivi. Tofauti hiyo yote gari huimaliza katika kilomita zipatazo 66 hadi Mbamba Bay. Asubuhi mnaondoka mmevaa masweta, mchana mnatafuta kivuli cha mwembe.

Njiani macho hayachoki. Huku juu ni mashamba ya kahawa, na miteremko ya Wamatengo iliyochimbwa ngoro, yale mashimo yanayozuia maji ya mvua yasikokote udongo bondeni. Baadaye milima hufunguka, na ziwa huonekana chini, la buluu hadi upande wa pili. Barabara hii siku hizi ina lami, nasi tunaokumbuka tope la zamani tunashukuru. Lakini lami haikuondoa mlima. Kona ni zile zile na mteremko ni ule ule.

Sisi wauguzi na kina mama wa kujitolea kanisani hushuka kwa ajili ya kliniki za vijijini. Nyuma ya gari huwa tunavuta tela lenye mahema, magodoro, sufuria, mizani ya watoto na maboksi ya dawa, maana kule hulala siku kadhaa. Basi kikundi kilipoazimia kununua gari lake, swali likawa moja: la petroli au la dizeli? Si swali dogo. Fedha ya kina mama hutoka kwenye kahawa na maharage, debe kwa debe, na haipatikani mara mbili. Tena wakati wa kurudi, gari hilo hilo huenda likampandisha mama mwenye uchungu uliokwama. Injini ikichemka katikati ya mlima, maisha mawili yako hatarini.

Zinavyotofautiana

Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Ile ya dizeli, iliyobuniwa na Mjerumani Rudolf Diesel katika miaka ya 1890, haina cheche. Hugandamiza hewa kwa nguvu mpaka ipate moto wa kuyawasha mafuta yenyewe. Kwa sababu hiyo hujengwa nzito na imara. Nguvu yake ya kuvuta hupatikana injini ikizunguka polepole, na ndiyo inayotakiwa tela zito linapopanda. Gari la petroli hulazimika kuunguruma kwa gia ndogo, na mafuta hupungua upesi. Kwa mzigo ule ule, dizeli aghalabu hutumia lita chache zaidi.

Lakini petroli nayo ina sifa zake. Gari lake kwa kawaida ni rahisi kununua, ni jepesi, huwaka upesi asubuhi ya baridi, na matengenezo yake mengi ni ya gharama ndogo. Dizeli ikiharibika pampu au nozeli, mfuko hutoboka. Dizeli za kisasa ndizo zinazodhurika zaidi na mafuta machafu au yenye maji. Wengi mnakumbuka enzi za kuchakachua, dizeli ilipochanganywa na mafuta ya taa, hata mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha mchezo huo. Kwa hiyo jazeni kwenye kituo mnachokiamini, na chujio libadilishwe kwa wakati. Tena mwangalieni anayejaza: petroli ikiingia kwenye tangi la dizeli, msiwashe gari kabisa mpaka tangi limwagwe.

Liko na jambo la usalama. Mvuke wa petroli hushika moto kwa urahisi mno, hata penye baridi. Dizeli si mwepesi hivyo. Anayelazimika kubeba mafuta ya akiba kwenye dumu asilipakie kamwe ndani walimokaa watu.

Ushauri wetu

Kwanza pimeni mzigo. Kikundi kinachoshuka mara mbili kwa mwaka na tela dogo la magodoro kisione aibu kuchukua gari la petroli. Fedha itakayobaki inunue dawa. Lakini kama ni kila mwezi, tela limejaa, na safari inaendelea kwenye njia za vumbi za kando ya ziwa, yafaa dizeli. Sisi tulichagua dizeli isiyo na mitambo mingi ya umeme, kwa kuwa mafundi wetu wanaijua na vipuri vyake havitafutwi mbali.

Pili, mteremko hauulizi mafuta gani. Madereva wazee husema gia ya kupandia ndiyo ya kushukia. Mkitegemea breki tupu, zitapata moto na kuacha kushika, na tela litawasukuma. Mizigo mizito ikae chini, usawa wa magurudumu ya tela au mbele yake kidogo, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito iegemee kwenye ndoano. Tela lililolemewa nyuma huyumba na kulivuta gari. Mnyororo wa akiba ufungwe, na taa za nyuma zijaribiwe kabla ya kuondoka.

Mkishafika

Mbamba Bay ina mchanga mweupe, mitumbwi, na dagaa walioanikwa. Ukipata mbasa wa kuchoma na ugali wa muhogo, umekula. Kaskazini yake ni Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya jabali lake. Hapo ndipo Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ikiwa kwenye matengenezo. Leo watu wengi huijua Liuli kwa hospitali yake ya Kianglikana. Mvua za Desemba hadi Aprili zikianza, ulizeni hali ya njia kwanza, kwani mito toka milimani huikata.

Nasi kama wauguzi hatuwezi kunyamaza: ziwani kuna malaria kuliko huku juu, basi vyandarua viwe vya kwanza kupakiwa. Watoto wasicheze kwenye maji yaliyotulia penye majani, kwa sababu ya kichocho.

Karibuni Nyasa, wapendwa. Shukeni taratibu, mzigo umefungwa vema, na mwacheni nafasi moja ndani ya gari kwa mgonjwa wa kurudi naye.